Mfungwa akifundishwa kupika na kuoka, chakula chake kiuzwe mtaani?

MLETA MADA:
Wakuu, heshima kwenu. Nina kibanda cha kuoka mikate na maandazi Temeke. Mwaka jana nilimpokea kijana aliyetoka gerezani kwa msamaha wa Rais. Kule alikaa jikoni miaka minne mpaka akawa nyapara wa jikoni. Siku ya kwanza nikamwambia akande unga kilo 5, akaniuliza, "Wa watu wangapi?" Kumbe hajawahi kupikia watu chini ya mia nne. Hamira haijui kabisa, maana kule ni dona na maharage. Sukari akaitupia kwa kiganja kama chumvi, mzigo mzima tukala wenyewe.

Lakini alipoanza kukata maandazi nikanyamaza. Niliyaweka kwenye mizani moja moja, yanapishana gramu mbili tatu. Mimi mwenyewe na miaka kumi na moja ya kazi hii sikati hivyo. Nikamuuliza kajifunzia wapi. "Bosi, kule ukimpakulia mmoja ugali mkubwa kuliko wa mwenzake, ngumi inaanzia kwako."

Hoja yangu ni hii. Magereza yetu yanatoa wapishi kila mwaka bila hata kukusudia, ila wanatoka mikono mitupu. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Huyo mpimaji kinachomzuia kuingia jikoni kwenye gereza la Ukonga au Butimba ni nini? Na tanuri liongezwe humo, kwa sababu mkate unauzika kila asubuhi, kila mtaa.

Wenzetu walishaanza zamani. Kule Kerala, India, magereza yalianza kuuza chapati kwa rupia 2 kila moja. Mwaka 2019 gereza la Viyyur likaingia mtandaoni: biriani na paja la kuku, chapati 3, keki ndogo, maji lita moja na jani la mgomba la kulia, vyote rupia 127, unaletewa mlangoni. Padua, Italia, wafungwa wanaoka panettone, ule mkate mtamu wa Krismasi. London, ndani ya gereza la Brixton kuna mgahawa ambao wafungwa ndio wapishi na wahudumu. Unaacha simu getini na kisu unachopewa ni cha plastiki.

Najua kuna watakaonikumbusha Julai 2018, hayati Magufuli aliposema wafungwa wafanye kazi wajilishe. Sawa, lakini kulimishwa na kufundishwa ni vitu viwili. Zile Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinasema faida ya kiwanda cha gereza isitangulie mafunzo ya mfungwa. Zinasema pia alipwe ujira wa haki, na sehemu yake awekewe akabidhiwe siku anayotoka. Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA 1:
Kaka, stori yako tamu, ila mimi nauza chapati Mbagala Rangi Tatu. Unga nanunua, mafuta nanunua, mkaa ndiyo usiseme, na ushuru wa meza juu. Gereza halilipi fremu, halilipi mshahara wa maana, na mikono linayo bure kuanzia alfajiri. Chapati yao itauzwa shilingi ngapi? Umetaja rupia 2 kwa furaha kweli, hukujiuliza mama wa pembeni ya hilo gereza anauza kwa nani. Mimi sijaiba cha mtu. Kwa nini ushindani niletewe na serikali?

MCHANGIAJI WA 2:
Aliyemvunja mdogo wangu mkono kwa nondo alifungwa miaka mitatu. Mdogo wangu alikuwa seremala. Mpaka leo hakuna aliyekuja kumpeleka VETA. Nimemaliza.

MCHANGIAJI WA 3:
Naunga mkono mafunzo, ila cheti kisitaje gereza popote. Kiandikwe VETA, upishi, daraja, basi. Mwajiri akiona neno "gereza" hata mtihani wa kukaanga yai hakupi. Na hoteli kubwa zinataka uthibitisho wa alama za vidole kutoka polisi, hapo ndipo wengi wanakwama hata wawe wanapika vipi. Kwa hiyo tuwafundishe vitu vya kujiajiri: maandazi, chapati, vitumbua, keki za oda. Sio mapishi ya hoteli ambazo hazitawafungulia geti.

MLETA MADA:
Dada wa Mbagala, umenipata. Bei ya rupia 2 niliitaja kama sifa kumbe ndiyo kasoro. Basi iwe hivi: mkate wa gereza uuzwe bei ya sokoni, isishuke hata shilingi, na ile ambayo ingekuwa nafuu ya mnunuzi iingie kwenye akiba ya mfungwa. Au wasiuze mtaani kabisa, waoke wa kula wenyewe na wa kupeleka hospitali na shule za bweni. Mafunzo ni yale yale.

Namba 3, hilo la cheti nakubaliana nalo lote. Tena dada akifungua kibanda cha pili, mwenye cheti hicho anaweza kuwa mfanyakazi wake.

Namba 2, pole sana. Sina jibu la kukupa. Kama fedha ya tanuri ipo, ya huyo aliyeumizwa nayo ingepaswa kuwepo, na haipo.

MCHANGIAJI WA 1:
Bei ya sokoni hapo tunaelewana, ingawa nitaamini nikiona. Sasa swali dogo, maana umeongea sana habari ya ujira wa haki. Huyo kijana wa maandazi sawasawa unamlipa ngapi?

MLETA MADA:
Elfu saba kwa siku na chakula.

MCHANGIAJI WA 1:
Na wenzake?

MLETA MADA:
Elfu kumi. Nilimwambia tuanze hivyo mpaka nimzoee.

MCHANGIAJI WA 1:
Ana muda gani hapo?

MLETA MADA:
Miezi minane.