Sakafu ya mbao inataka kusafishwa hasa kabla sijahama, nianzie wapi?

Salaam ndugu zangu,

Baada ya wiki sita nahama nyumba niliyopanga. Sebule nzima ni mbao, ukuta hadi ukuta. Miaka mitatu nimekuwa nikifagia na kupitisha kitambaa basi. Sasa imefifia, karibu na mlango kuna njia ya kijivu pale tunapopita kila siku, na nilipoinua chungu cha maua nimekuta duara jeusi. Nataka niikabidhi ikiwa safi nirudishiwe amana yangu. Jirani ameniazima mashine ya mvuke, na mtu mwingine kanishauri siki na maji moto. Nimesita, maana sakafu niliyozoea kudeki ni ya saruji. Tena nina mtoto anayetambaa, dawa kali siitaki. Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie.

Mama Mtambaaji

——

JIBU

Dada yangu, umefanya vizuri kusita. Hiyo mashine ya mvuke mrudishie jirani leo na umshukuru.

Kazi yangu kwa miaka tisa ni kupiga msasa na kupaka vanishi sakafu za mbao, na nyingi ninazoitiwa hazikuharibiwa na uchafu. Ziliharibiwa na usafi. Ubao hata ukishakatwa na kupigiliwa huendelea kunywa maji na kuyatoa. Ukinywa, hutanuka kwa upana wake. Upande wa chini ukilowa kuliko wa juu, kingo za kila ubao huinuka na katikati hubonyea, na ukipitisha kiganja unahisi mawimbi kama ya bati. Mvuke unapenya kwenye viungo vya mbao ukiwa wa moto na una nguvu, halafu unageuka maji huko huko usikoweza kufuta.

Kabla hujagusa chochote, ijue sakafu yako imepakwa nini. Chukua tone moja la maji, liweke mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kochi. Likikaa juu limejikusanya kama shanga, vanishi bado ni nzima. Likinywewa na ubao ukawa mweusi pale, kinga imeisha. Rudia jaribio hilo kwenye ile njia ya kijivu, ndipo utakapopata jibu lako. Halafu chukua uzi wa chuma laini kabisa, usugue kidogo pembeni, pole pole. Ukitoka na utando wa kijivu unaoteleza, hiyo ni nta, na sakafu ya nta haideki kwa maji hata kidogo. Andika hapa tukuelekeze upya. Nyingi za siku hizi ni vanishi, kwa hiyo naendelea kwa hiyo.

Ondoa mchanga kwanza, na hapa usifanye haraka. Punje ya mchanga chini ya dekio ni msasa. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, lakini zima ile brashi inayozunguka, inakwaruza. Pitia kwenye pembe, chini ya vitanda, na kwenye nyufa kati ya ubao na ubao.

Kisha andaa ndoo mbili, moja ya maji yenye dawa ya kusafishia mbao iliyoandikwa kuwa haina asidi wala alkali, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa (kuzidisha hakusafishi zaidi, kunaacha utando), na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba. Kikamue, kisha kikamue tena. Ukikishika juu kisidondoshe hata tone. Safisha eneo dogo, kama mita moja kwa mita moja, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kisha futa hapo hapo kwa taulo kavu. Kipimo changu ni hiki: alama ya unyevu iwe imepotea ndani ya dakika moja au mbili. Ikikawia, kitambaa chako kimelowa mno. Maji yakiwa ya kijivu, mwaga, chota mengine. Sebule ya kawaida itakuchukua asubuhi nzima na magoti yatauma, lakini utaiona rangi uliyoisahau.

Siki ni asidi. Mara moja haitaonekana kitu, ila ukiizoea inakula mng'ao wa vanishi taratibu. Sabuni za mafuta nazo huacha ngozi nyembamba, na siku ya kupaka vanishi mpya haishiki, fundi analaumiwa bure. Na kwa sababu ya huyo mtoto nakusihi: jiki usiichanganye na siki kamwe, wala na kitu chenye amonia. Gesi inayotoka inaunguza mapafu. Hata katika ndoo iliyosuuzwa vibaya, usijaribu.

Duara jeusi halitoki kwa kufutwa. Weupe juu ya mbao mara nyingi ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, weusi umeshaingia kwenye ubao wenyewe. Mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti), kama mwaloni, zikikutana na maji na chembe za chuma hugeuka nyeusi kama wino. Mafundi huliondoa kwa asidi ya oksaliki baada ya kukwangua vanishi, na asidi hiyo ni sumu. Kwenye nyumba yenye mtoto wa kutambaa usiiguse. Piga picha, mwambie mwenye nyumba mapema na kwa maandishi.

Fundi

——

JIBU

Asante Fundi. Naomba niongeze jambo moja ambalo lilikaribia kutuunguza.

Sakafu yetu ni ya mafuta, si vanishi. Tuliipaka upya mafuta ya kitani, tukakusanya matambara tuliyotumia, tukayafunga kwenye mfuko na kuuweka stoo. Usiku mume wangu akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mfuko ulikuwa wa moto na unatoa moshi, na hakuna aliyewasha chochote. Mafuta ya aina hiyo yanapokauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa joto halina pa kutokea, linapanda mpaka kitambaa kinawaka chenyewe. Siku hizi tunayatandaza moja moja nje, mbali na ukuta, mpaka yakauke na kuwa magumu, au tunayatumbukiza kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Mwenye sakafu ya mafuta au ya nta asome hapa mara mbili.

Shangazi

——

JIBU

Fundi, Shangazi, Mungu awabariki.

Nimefanya jaribio. Nyuma ya kochi tone lilikaa dakika kumi likiwa vile vile. Mlangoni lilizama nikiwa bado nimeinama, likaacha doa jeusi. Uzi wa chuma haukutoka na kitu. Je, pale mlangoni nikisafisha sana patarudi?

Mama Mtambaaji

——

JIBU

Hapatarudi, dada. Pale kinga imekwisha, na ukizidi kusugua unaingiza maji kwenye ubao mtupu. Mlangoni pita na kitambaa kikavu tu, kwingine kote fuata nilivyoeleza. Na usikubali mtu akuuzie dawa ya kung'arisha ya kumwaga juu, inaficha kwa mwezi mmoja halafu inachubuka vipande vipande, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko hii. Kinachohitajika pale ni vanishi mpya, na kuchakaa kwa kupita watu miaka mitatu ni jambo la kujadiliana na mwenye nyumba, si la kujitwika peke yako.

Fundi

——

JIBU

Nimemaliza leo saa saba mchana. Nimebadilisha maji mara kumi na moja, na ya kwanza yalikuwa meusi kama kahawa. Chini ya dirisha mbao zina mistari myekundu ambayo sikuwahi kuiona. Picha za mlangoni na za duara nimezituma, mwenye nyumba amejibu kwamba anakuja Jumatano kuangalia mwenyewe.

Mama Mtambaaji