Msamiati mgumu wa Kiingereza: Anki, kamusi au kusoma magazeti?

Mzee wa Ubungo: Wakuu, habari za muda huu. Najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nataka kuomba masomo ya uzamili. Kuongea najikongoja vizuri tu, ila nikiandika insha narudia "very important" mpaka najichosha mwenyewe. Nipakue Anki, ile programu ya kadi za kukariri, nikariri kamusi au nisome magazeti? Wenye uzoefu karibuni.

Salma_TZ: Kamusi haikaririwi, mkuu. Kwanza jua unahitaji maneno gani. Tafuta Academic Word List, orodha aliyoitoa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000. Ina familia 570 (neno pamoja na ndugu zake, kama "assess" na "assessment") za maneno yanayojirudia kwenye maandiko ya kitaaluma ya fani mbalimbali, na fungu la kwanza ndilo lenye yanayotumika zaidi. Mle utakuta "assess", "derive", "significant". Yale ya kutishia watu vijiweni hayamo.

Kobe Mwendapole: Anki naipigia debe. Kadi uliyoipatia inakaa siku nyingi ndiyo irudi, uliyoikosa inarudi mapema. Ila tengeneza kadi zako mwenyewe, na mbele weka sentensi yenye pengo, sio neno tupu: "He ___ a crime", nyuma "committed". Ukikariri tu kwamba "commit" ni kutenda, kesho utaandika "commit a good deed", msahihishaji abaki anacheka.

Mama Junior: Kadi zilinishinda mie. Ukipumzika siku mbili tatu, unakuta rundo linakusubiri kama deni la mangi. Nasoma kurasa za uchumi, neno likinikuta tena na tena ndiyo nafungua kamusi ya Oxford Advanced Learner's. Ile inaeleza kwa Kiingereza chepesi na mifano juu, unaona neno linatembea na lipi.

Salma_TZ: Mama Junior, sawa kabisa kwa asiye na haraka. Mwenye mtihani mwezi ujao magazeti yatamchelewesha. Mzee, wako lini?

Mzee wa Ubungo: Bado miezi minne.

Salma_TZ: Muda unao. Kadi asubuhi, makala jioni, na kila wiki insha moja yenye maneno ya wiki hiyo. Lakini usiijaze mineno mikubwa, maana kwenye kuandika IELTS msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne. Sarufi na mpangilio navyo vinasubiri alama zao.

Kobe Mwendapole: Simu yako Android? Chukua AnkiDroid, ni ya bure. Kwenye iPhone ile rasmi unalipia, na kuna za kuiga zenye jina linalofanana, kuwa makini.

Mzee wa Ubungo: Android, mkuu. Napakua sasa hivi.