Tunafikia Lauterbrunnen siku nne na Mama, tutoke kwenda wapi na kurudi siku hiyohiyo?

BintiMarangu
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mimi niko Stuttgart, mama anakuja kunitembelea mwezi wa sita na nimeshachukua kijumba Lauterbrunnen, Uswisi, usiku nne, nikaona tukiweka kambi pale tunatoka asubuhi tunarudi jioni, hakuna kuburuta mabegi. Sasa kila video ninayofungua ni lazima Jungfraujoch, kile kituo cha treni juu mlimani, lazima Jungfraujoch, nikaangalia bei nikafunga laptopu taratibu. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua na presha anameza dawa kila siku. Halafu nilivyomwambia tutaona mlima wenye theluji akaniuliza, kwa hiyo napanda ndege kwenda kuangalia nilichokiacha nyumbani? 😂 Sina gari, ni treni tu. Nipeni mawazo jamani.

MzeeWaReli
Marahaba binti. Mama ana hoja, msikilize.

Jungfraujoch ni mita 3,454, kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote Ulaya, na ile reli ni kazi ya wanaume kweli, walianza kutoboa mwamba 1896 wakafika juu 1912, mwenye wazo lake Guyer-Zeller alikufa 1899 hata hakuiona ikiisha. Ukifika unaona barafu ya Aletsch imelala bondeni zaidi ya kilomita 20. Sikatai ni nzuri. Lakini nauli ya kwenda na kurudi bila punguzo inapita faranga 200 kwa kichwa, na ukienda ukakuta wingu umelipia kuangalia ukuta mweupe. Na fikiria hivi, kambi ya Horombo kule Kilimanjaro ni mita 3,720, watu wanapanda siku mbili mwili unazoea, hapa treni inakupandisha asubuhi moja tu. Mtu wa presha amuulize daktari wake kwanza, hilo halina mjadala.

Ningekuwa mimi ningempeleka Mürren. Pale pale Lauterbrunnen mnapanda gari la kamba (aina ile iliyoleta mjadala kwetu Kilimanjaro) mpaka Grütschalp, mnahamia katreni kadogo kanatembea ukingoni mwa genge, na upande wa dirisha milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau imejipanga kama maharusi. Mürren ni mita 1,638, kijiji hakina magari, njia tambarare, mabenchi kibao. Ukiwa na Swiss Travel Pass, ile pasi ya usafiri ya watalii, hulipi hata senti, wakati Jungfraujoch pasi hiyo inakupunguzia robo tu, tena kuanzia Wengen au Grindelwald. Kadi ya nusu nauli, Halftax, ndiyo inakata nusu, piga hesabu kabla ya kununua.

NesiWaBern
Nakubaliana na mzee. Mimi nilileta wazazi kutoka Nyeri mwaka juzi, na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni kwamba treni ya kutoka Interlaken Ost inakatika katikati pale Zweilütschinen, mabehewa mengine yanaenda Lauterbrunnen mengine Grindelwald! Baba alikuwa ametembea kutafuta choo akakaa huko huko akisoma gazeti, sisi tukafika Lauterbrunnen yeye yuko Grindelwald, simu nayo iko kwa mkoba wa mama. Soma kibao kwa mlango wa behewa, usifuate watu tu.

Siku ya mvua msikae ndani. Basi la posta linawafikisha Trümmelbach dakika chache, ni maporomoko kumi NDANI ya mwamba, maji ya barafu ya ile milima mitatu yanashuka hapo hadi lita 20,000 kwa sekunde, ukuta unatetemeka unausikia kifuani. Kuna lifti ndani ya mlima lakini bado kuna ngazi na zinateleza, kwa hivyo viatu vya kushika chini na koti la mvua. Magoti yakikataa, poromoko la Staubbach liko kijijini, mita 297, unaliona ukiwa umekaa ukinywa chai.

Na beba chakula kutoka duka la Coop. Jumapili maduka mengi yamefungwa, mkisahau mtakula bei ya hoteli mlie.

KakaBasel
Wanasahau meli jamani. Interlaken Ost nyuma ya stesheni mnapanda meli ya ziwa Brienz, maji rangi ya feruzi mpaka unadhani wameweka rangi, mnashuka Giessbach, pale kuna kireli cha kupanda mlima cha 1879 mpaka karibu na maporomoko, kisha meli tena mpaka Brienz na treni kurudi. Pasi inalipa meli. Mama anakaa tu.

BintiMarangu
Asanteni sana. Swali la mwisho, nikate tiketi za juu mapema au nisubiri? Moyo bado unataka 🙈

MzeeWaReli
Subiri. Juu kuna kamera zinazorusha picha moja kwa moja, ukiamka unafungua simu, kukiwa kweupe unakata hapo hapo unaenda na treni ya kwanza kwanza, kukiwa na wingu mnaenda ziwani. Ukipanda peke yako pitia Wengen na Kleine Scheidegg, kushuka chukua Eiger Express, gari la kamba la kutoka stesheni ya Eigergletscher, dakika 15 uko Grindelwald. Sweta hata kama bondeni ni joto.

BintiMarangu
Mrejesho wadau. Siku tatu wingu, ya nne kukafunguka nikapanda mwenyewe, Mama akabaki Mürren kwenye benchi na chupa ya chai, daktari alishakataa. Niliporudi nikakuta ameshapata rafiki, bibi mmoja wa pale, hawaelewani lugha hata neno, wanaoneshana picha za ng'ombe wao kwenye simu. Nikamwonesha video ya barafu, akaangalia kidogo akasema mh, nzuri, halafu akanionesha yeye ng'ombe wa yule bibi, ana kengele shingoni kubwa kama sufuria. Sasa anataka moja apeleke Marangu na kwenye begi zimebaki kilo mbili.

KakaBasel
Aivae shingoni hahaha