Rilei ya hita plagi imeungua tena, tatizo nini?

Wakuu habari, nina pikapu ya dizeli ya zamani, asubuhi kwa baridi ya huku Njombe haiwaki mpaka isukumwe, nimeweka rilei mpya (swichi ya umeme) ya hita plagi, zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha, nayo imeungua, soketi imeyeyuka pini ya 87 (inayotoa umeme kwenda kwenye plagi) na waya umekuwa mweusi. Ni rilei feki au kuna shoti?

Jibu: Pole mkuu. Umefunga ya ampea ngapi? Plagi nne zikiwa za baridi zinavuta zaidi ya ampea 40, ile ndogo ya taa ya ampea 30 haiwezi kabisa.

Jibu: Shoti ingelamba fyuzi kwanza. Pini moja kuyeyuka hapo soketi imelegea au ina kutu, ndo joto linatoka hapo. Hita zikiwa zinafanya kazi weka mita kwenye volti, ncha moja pini 30 (umeme unapoingia) nyingine 87, ikizidi nusu volti pointi za ndani ya rilei zimekwisha. Na huo waya kata mpaka uone shaba inang'aa, tafadhali usisokote na kupiga tepu, hiyo ndo inachoma magari.

Muulizaji: Ni ya ampea 30 kweli, asanteni sana, kesho natafuta ya ampea 70 na soketi mpya.