Ukoo wa Ngamiani: Filamu ya Jumamosi

Da Zuhura, saa 1:10 usiku
Assalaam aleikum nyote. Nakumbusha kwa mara ya tatu kwamba Jumamosi tunakutana kwa Bibi, na baada ya Isha tutatazama filamu ukutani kama enzi za marehemu Babu. Nimechagua Trail of the Pink Panther ya mwaka 1982, kwa kuwa wamo wote tuliowazoea: Inspekta Clouseau, mkuu wake Dreyfus mwenye jicho linalochezacheza, na Cato, mtumishi wa Clouseau anayemrukia ghafla. Mchango wa kukodi projekta unifikie kabla ya Alhamisi.

Da Zuhura, saa 2:45 usiku
Watu 19 mmeusoma ujumbe na hakuna aliyejibu. Mwenye projekta anataka malipo ya awali kesho asubuhi.

Idi, saa 2:52 usiku
Mimi nitakuja, lakini Mjomba Hamisi aketi mbali na mlango, kwani mara ile nilipomrukia kama Cato alimwaga birika zima la chai.

Mwanaidi, saa 2:53 usiku
Na mkeka wa Bibi una doa mpaka leo.

Da Zuhura, saa 2:55 usiku
Jamani, nimeuliza habari ya fedha.

Salim, saa 3:20 usiku
Da Zuhura, nakuheshimu, ila chaguo hili silikubali. Peter Sellers, aliyemwigiza Clouseau, alifariki Julai 1980, na filamu hii ilitoka zaidi ya miaka miwili baadaye. Mwongozaji wake, Blake Edwards, alichukua vipande vilivyoachwa wakati wa kuhariri filamu ya Clouseau ya 1976, akaviunga mwanzoni, kisha ndege ya Clouseau inapotea, na kuanzia hapo mwandishi wa habari anazunguka akiwahoji waliomfahamu. Tutakaa tukimsubiri mtu ambaye harudi. Hata mwigizaji mwingine, David Niven, ambaye maradhi yalikuwa yamemdhoofisha sauti, maneno yake yalisemwa na Rich Little, mwigaji wa sauti za watu. Tutazame Revenge of the Pink Panther ya 1978, ambayo Sellers aliicheza mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Da Zuhura, saa 3:31 usiku
Hiyo ya 1978 tungekuwa nayo, Salim, kama kaseti ya Babu isingeazimwa na mtu akairudisha ikiwa imerekodiwa mpira juu yake. Simtaji.

Mjomba Hamisi, saa 4:05 usiku
Zuhura, jambo hilo nilimwomba radhi Babu mwenyewe, naye alinisamehe mbele ya mama yako. Sioni kwa nini lifufuliwe kila tunapopanga kukutana.

Idi, saa 4:06 usiku
Na mpira wenyewe uliisha bila bao.

Da Zuhura, saa 4:08 usiku
Idi, tafadhali. Nani ameshatuma mchango?

Bibi, saa 4:30 usiku (ameniandikisha mimi, Mwanaidi)
Wajukuu zangu, Babu yenu alikuwa akimcheka yule Inspekta mpaka kofia inamdondoka, hasa pale anapomuuliza mzee wa hoteli kama mbwa wake anauma. Ile ya 1982 aliianza siku moja tu, akaizima kabla ya nusu, akasema kwamba marehemu amefanyishwa kazi bila ridhaa yake. Baadaye tukasikia kuwa mjane wa Sellers aliwapeleka watengenezaji wa filamu hiyo mahakamani London, akashinda na kupewa fidia ya dola milioni 1. Babu yenu alifurahi kama aliyeshinda yeye. Filamu hiyo haitaonyeshwa nyumbani mwangu.

Da Zuhura, saa 4:58 usiku
Tumekusikia, Bibi. Utusamehe.

Salim, saa 5:02 usiku
Nitaitafuta ile ya 1978 kesho mjini, ingawa siahidi.

Mjomba Hamisi, saa 5:10 usiku
Ikipatikana, gharama yake ni juu yangu.

Shangazi Rukia, saa 12:40 asubuhi
Ndiyo naamka. Nitaleta mkate wa kumimina. Filamu ni ipi, na tunaanza saa ngapi?

Da Zuhura, saa 12:44 asubuhi
Ni ya 1978, Salim akiipata. Mwenye projekta nimemlipa kwa fedha yangu, na mpaka sasa aliyechangia ni mmoja tu.