Naomba ushauri: kiwiko cha kulia kinanikimbia nikipandisha fimbo ya gofu

Wakuu, habari za leo. Nina mwaka na nusu kwenye gofu, natumia mkono wa kulia, hendikepu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, kikiwa kidogo ndiyo bora) 24. Nikipandisha fimbo, kiwiko cha kulia kinaachana na mbavu na kunyanyuka kama bawa la kuku. Fimbo ikishuka inatokea nje na kuukata mpira kuja ndani, nao unaanza vizuri kisha unapinda kulia hadi vichakani. Kwa fimbo ya chuma namba 7 naambulia. Balaa ni draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, nimepoteza mipira ya kufungulia duka.

Kedi (mbeba fimbo) mmoja alinishauri nibane taulo kwapani. Mipigo mifupi imenyooka kweli, ila nikizungusha kikamilifu taulo linadondoka, na nikilazimisha libaki, mabega hayageuki. Mwingine anasema niache tu, mbona gwiji wa gofu Jack Nicklaus kiwiko chake kiliruka vilevile na akatwaa mataji makubwa 18. Sawa, lakini yule ni Nicklaus!

Naombeni msaada: mkono wa kushoto lazima unyooke kama rula, au kupinda kidogo si kosa? Na nianze na kiwiko au mabega? Nina miaka 47, kiuno si cha kijana.