Kumhamisha mbwa kutoka ugali wa dona hadi chakula kikavu

Mfugaji wa Tanga
Ndugu wafugaji, naomba ushauri. Nina mbwa jike wa jamii ya German Shepherd, mwenye umri wa miezi mitano, ambaye tangu aachishwe ziwa amekuwa akila ugali wa dona kwa dagaa na mara mojamoja utumbo wa ng'ombe. Daktari wa mifugo anayemchanja amenieleza kwamba mlo huo haumpi kalsiamu na fosforasi kwa uwiano unaofaa mbwa mkubwa anayekua haraka, hivyo nimhamishie kwenye chakula kikavu cha watoto wa mbwa wenye maumbo makubwa. Mfuko nimeununua, lakini sijaufungua. Jirani ananiambia nimshindishe njaa siku nzima kisha nimwekee chakula kipya peke yake. Je, ni sahihi? Na akiharisha, nitajuaje kama ni chakula au ni ugonjwa?

Mzee wa Njiro
Ndugu yangu, usimshindishe njaa mtoto wa mbwa. Bakteria wa utumboni mwake wamezoea wanga wa mahindi, nao wanahitaji muda ili waendane na chakula chenye mafuta na protini nyingi zaidi. Ukibadilisha ghafla, anaweza kuharisha hata kama chakula ni bora. Tenga siku saba hadi kumi. Anza na robo ya chakula kipya kwa robo tatu za kile cha zamani, uende nusu kwa nusu, kisha robo tatu, na mwishowe kipya kitupu. Kinyesi kikilainika, rudi kwenye kiwango kilichotangulia ukae hapo siku mbili tatu kabla ya kuendelea.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Zaidi ya nusu ya uzito wa ugali ni maji, ilhali chakula kikavu kina maji takribani asilimia 10 tu, kwa hiyo bakuli lile lile likijazwa chakula kikavu lina nguvu nyingi mno kwake. Pima kwa mizani kwa kufuata uzito ulioandikwa kwenye mfuko, ugawe mara tatu kwa siku, na maji safi yasikosekane kamwe. Tena, nakusihi usimwongezee unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu, kwa sababu katika umri huu mwili wake hauwezi kuzuia vizuri kalsiamu iliyozidi, na ziada hiyo huharibu ukuaji wa mifupa na viungo.

Daktari wa mifugo, Morogoro
Nakubaliana na mzee. Kuhusu kuharisha, mbwa ambaye kinyesi chake kimelainika kidogo lakini anacheza, anakula na kunywa maji, kwa kawaida anasumbuliwa na mabadiliko ya chakula tu. Akitapika mara kwa mara, akalegea, akakataa chakula au kinyesi kikawa na damu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huua watoto wa mbwa haraka. Usianze mabadiliko haya katika wiki ya chanjo au ya dawa ya minyoo, la sivyo hutajua dalili imetokana na nini.

Mama Simba
Mimi naongezea kuhusu uhifadhi, hasa kwa sisi wa pwani wenye joto na unyevu. Usinunue chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, kwa maana mafuta yake huchacha na ukungu huingia. Acha chakula katika mfuko wake, ukiwa umefungwa vizuri ndani ya ndoo yenye mfuniko. Hata dona utakayotumia siku hizi za mpito iwe ya mahindi safi. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo huharibu ini la mbwa vilevile, na kupika hakuiondoi.

Mfugaji wa Tanga
Nawashukuru sana, nitaanza kwa robo. Je, dagaa wa nyumbani waliokaangwa kwa vitunguu wanafaa katika kipindi hiki?

Daktari wa mifugo, Morogoro
Hapana. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Dagaa wake waoshwe chumvi itoke, kisha wachemshwe peke yao bila kiungo chochote.